Pasipoti iko kwa mwajiri, deni liko nyumbani: mdogo wangu afanye nini?

*"Mdogo wangu wa kiume alisafiri miezi mitatu iliyopita kwenda kuchuma matunda katika shamba kubwa nje ya nchi, kwa viza ya msimu. Wakala alitutoza fedha nyingi, nami kama dada yake mkubwa nilikopa na kuweka hati ya kiwanja cha mama yetu kuwa dhamana. Walipofika, nyapara alikusanya pasipoti za wote akisema anazitunza zisipotee. Aliahidiwa mshahara wa mwezi, lakini sasa analipwa kwa kreti, na kila wiki anakatwa fedha za chumba, za usafiri na za kile wanachokiita deni la wakala, hata wiki nyingine anabaki na fedha ya chakula tu. Wiki iliyopita waliingizwa kwenye mistari iliyonyunyiziwa dawa asubuhi ya siku hiyohiyo, akaumwa kichwa na kutapika. Nyapara akamwambia kwamba asiyeiweza kazi arudi kwao, na kwamba akitoka shambani atakamatwa kwa sababu viza ni ya shamba hilo. Je, ni kweli kwamba hana haki yoyote kwa kuwa alitia saini mwenyewe? Avumilie msimu uishe, au akimbie?"*

Dada yangu, ninaelewa kwa nini kuvumilia na kukimbia ndizo njia pekee unazoziona ukiwa mbali, huku hati ya mama ikiwa mikononi mwa mkopeshaji. Kati ya njia hizo mbili, hata hivyo, kuna hatua kadhaa, na kwa kibarua mhamiaji mpangilio wa hatua hizo ndio mara nyingi unaoamua kama ataondoka na ujira wake na kibali chake kikiwa salama, au ataondoka mikono mitupu. Hukuitaja nchi aliyopo, kwa hiyo nitaeleza yale yanayofanana karibu kila mahali, na pale sheria zinapotofautiana nitatoa mifano.

Naanza na kile kichwa na kule kutapika, ingawa hukuniuliza habari zake, kwa sababu ndilo jambo pekee katika barua yako lisiloweza kusubiri. Dawa nyingi za kuua wadudu, hasa zile za kundi la oganofosfeti, huzuia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima ishara za neva zinapokwisha kufika kwenye misuli na tezi. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, ishara haizimiki: machozi, mate na jasho humiminika, mboni za macho hunywea, kifua hubana, misuli huchezacheza, na mtu huumwa kichwa na kutapika. Si lazima dawa hiyo imezwe. Hupenya kwenye ngozi kutoka kwenye majani mabichi, na nguo iliyolowa huendelea kuiingiza mwilini hata baada ya mtu kurudi chumbani kwake. Ndiyo maana kibandiko cha chombo cha dawa hutaja muda ambao hakuna anayeruhusiwa kuingia shambani bila mavazi ya kinga, na muda huo huweza kuwa wa saa kadhaa au hata siku kadhaa. Kuwaingiza watu kwenye mistari iliyonyunyiziwa dawa asubuhi hiyohiyo, kama ulivyoeleza, si suala la uvumilivu wa mfanyakazi. Huenda muda ulioandikwa kwenye kibandiko ndio uliopuuzwa.

Huenda pia kilichompata kilikuwa joto, kwa kuwa dalili za mwanzo hufanana, na mtu anayelipwa kwa kreti hujinyima maji na mapumziko ili hesabu isipungue. Kwa vyovyote vile amwone daktari hata kama anajisikia nafuu, na amweleze kwa maneno yaliyo wazi kwamba alifanya kazi katika mistari iliyonyunyiziwa dawa, siku gani na kwa saa ngapi. Akiweza kupiga picha ya kibandiko cha dawa bila kujihatarisha, aende nayo, maana humwambia daktari mambo ambayo mgonjwa hawezi kuyajua. Tukio likijirudia, atoke shambani, avue nguo zote, aoge kwa maji mengi na sabuni, na asijitapishe. Kifua kikibana, mwenzake akianza kuchanganyikiwa au kuanguka, waite gari la wagonjwa papo hapo bila kusubiri ruhusa ya nyapara. Mkataba wa kimataifa kuhusu usalama na afya katika kilimo, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2001, unampa mfanyakazi haki ya kujiondoa kwenye kazi anapoamini kwa sababu za msingi kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu, na unasema asiadhibiwe kwa kufanya hivyo. Karatasi ya hospitali, nayo, itamfaa baadaye kama ushahidi.

Sasa nije kwenye saini. Watu wengi huamini kwamba aliyetia saini ameuza haki zake, na mawakala hupenda imani hiyo iendelee. Mkataba wa kazi haushushi kiwango kilichowekwa na sheria: kama sheria ya nchi imeweka kima cha chini cha mshahara, kifungu kinachosema mtu atalipwa chini ya hapo hakina nguvu hata kikiwa na saini kumi. Tena, kwa maelezo yako, masharti anayofanyia kazi leo siyo aliyoyakubali. Aliahidiwa mshahara wa mwezi, akapewa malipo ya kreti. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1930 unaeleza kazi ya shuruti kuwa ni kazi anayodaiwa mtu kwa kutishiwa adhabu yoyote na ambayo hakujitolea kwa hiari yake, na Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, inayohusu usafirishaji haramu wa binadamu, inasema kwamba ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu haihesabiki pale mtu alipopelekwa kwenda kunyonywa.

Hapo nisimame kidogo, kwa sababu sitaki utumie maneno mazito kabla ya wakati wake. Si kila kazi mbaya ni kazi ya shuruti. Kazi nyingi mbaya ni uvunjaji wa kawaida wa sheria za ujira, na hizo humalizwa na mkaguzi wa kazi au mahakama ya kazi bila kumhusisha polisi. Shirika la Kazi Duniani hutumia viashiria 11 kuitambua kazi ya shuruti, na miongoni mwake ni udanganyifu, kuzuiliwa kwa hati za utambulisho, deni la kumfunga mtu, vitisho, na kuzuiliwa kwa mshahara. Katika barua yako ninaviona vinne vya kwanza. Hilo halitoshi kwangu kutoa hukumu nikiwa huku, lakini linatosha kabisa kwa mdogo wako kuzungumza na mtaalamu ana kwa ana, wiki hii na si mwisho wa msimu.

Kinachomfunga mtu katika hali kama hii ni mpangilio zaidi kuliko ukuta. Deni, kibali na kitanda vimeshikwa na watu wanaoelewana. Anadaiwa kabla hajachuma tunda la kwanza, kwa hiyo hawezi kuacha kazi bila kuwaumiza nyinyi nyumbani. Kibali chake kinamtaja mwajiri mmoja, kwa hiyo kuacha kazi kunaonekana kama kuacha uhalali wa kuwapo nchini. Na kitanda kimo ndani ya shamba, kwa hiyo kugombana na nyapara mchana ni kukosa pa kulala usiku. Kila kimoja peke yake kinavumilika, na kingine hata ni halali, lakini vikikutana hakuna haja ya kumfungia mtu mlango. Anajizuia mwenyewe. Kwa sababu hiyo simshauri mtu aanze kwa ugomvi na nyapara. Namshauri atafute kwanza pa kulala pengine, apate ushauri kuhusu kibali, na atenganishe hesabu ya deni na hesabu ya kazi, ili siku atakapodai asiwe ameshikwa kotekote.

Pasipoti ni jambo jepesi kisheria na gumu kivitendo. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, na mwenye haki ya kukaa nayo ni yule aliyepewa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1990 kuhusu haki za wafanyakazi wahamiaji na familia zao unakataza mtu yeyote asiye ofisa wa umma aliyeruhusiwa na sheria kuchukua hati za utambulisho. Lazima nikwambie pia kwamba nchi nyingi tajiri zinazopokea vibarua hazijauridhia mkataba huo, ikiwemo Marekani, Kanada na nchi zote za Ulaya Magharibi. Hata hivyo nyingi kati ya nchi hizo zinakataza jambo hilohilo kwa sheria zao wenyewe, na huko Marekani, kumnyang'anya mtu pasipoti ili kumlazimisha kufanya kazi ni kosa la jinai. Aiombe kwa ujumbe wa simu ulioandikwa kwa adabu, kwa sababu ya kawaida kama vile benki au hospitali wanaihitaji. Akipewa, ni heri. Akinyimwa, ule ujumbe na lile jibu vimekuwa ushahidi, na ubalozi wa nchi yenu unaweza kumpa hati ya dharura ya kusafiria. Wewe tafuta huko nyumbani nakala ya pasipoti na ya viza, na uzihifadhi mahali ambapo wakala hafiki.

Kuhusu kreti, nchi nyingi huruhusu malipo kwa kiasi mtu alichochuma, na si vibaya yenyewe. Wachumaji wepesi hupata zaidi kwa njia hiyo. Kosa huja pale malipo hayo yanapotumiwa kukwepa kima cha chini. Mahali penye kima cha chini cha saa, hesabu ni hii: chukua ujira wa wiki kabla ya makato, ugawanye kwa saa zote alizokuwa chini ya amri ya mwajiri, pamoja na saa za kusubiri umande ukauke na za kupelekwa kutoka shamba moja hadi jingine. Tuseme kima cha chini cha saa ni sawa na bei ya kreti 12. Akifanya kazi saa 10 na kuchuma kreti 90, mwajiri anadaiwa thamani ya kreti 30 zilizobaki, hata kama mtu huyo ni mchumaji mzito. Katika mpango wa Marekani wa viza za H-2A, yaani za vibarua wa msimu wa mashambani, kwa mfano, mwajiri anayelipa kwa kreti analazimika kujazia hadi kiwango cha saa. Ukweli mwingine mchungu ni kwamba kilimo mara nyingi huachwa nje ya sheria zinazowalinda wafanyakazi wengine: hukohuko Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 mpaka leo haiwapi vibarua wa mashambani nyongeza ya saa za ziada, ingawa baadhi ya majimbo kama California yameiweka yenyewe. Kwa hiyo asiambiwe na rafiki wa kiwandani kwamba "sheria inasema hivi", kisha akaitegemea.

Makato ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Mwajiri anaweza kuruhusiwa kukata kodi ya chumba, lakini kwa kawaida ndani ya mipaka. Chini ya H-2A nyumba hutolewa bure. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 kuhusu wafanyakazi wa msimu inasema kodi isiwe kubwa kupita kiasi ikilinganishwa na ujira na ubora wa nyumba, na isikatwe moja kwa moja kwenye mshahara. Lile linaloitwa deni la wakala ndilo linalonitia shaka zaidi. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1949 kuhusu ulinzi wa mishahara unakataza kumkata mfanyakazi mshahara ili kumlipa mwajiri au dalali kwa ajili ya kupata au kubaki na kazi, na mkataba wa mwaka 1997 kuhusu mawakala binafsi wa ajira unaweka kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi, isipokuwa pale serikali ilipotoa ruhusa maalumu. Tena nyinyi mlikwisha kumlipa wakala kwa mkopo. Sasa mdogo wako anakatwa fedha za nini? Muulize mdogo wako kama aliwahi kuonyeshwa kwa maandishi jumla ya deni hilo, kiasi kilichokwisha kulipwa na tarehe ya mwisho. Deni lisilo na jumla wala mwisho, linalolipwa kwa jasho la mtu, linatajwa katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1956 miongoni mwa desturi zinazofanana na utumwa.

Tishio la kukamatwa lina punje ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana linafanya kazi. Ni kweli kwamba viza nyingi za msimu zimefungwa kwa mwajiri, na kwamba anayeondoka anaweza kupoteza uhalali wa kukaa nchini, wakati mwingine kwa haraka. Katika baadhi ya nchi mwajiri anaweza hata kutoa taarifa kwamba amemtoroka. Lakini baadhi ya serikali zimeona jinsi kibali cha namna hiyo kinavyogeuka pingu. Tangu mwaka 2019 Kanada humruhusu kibarua anayenyanyaswa, au aliye katika hatari ya kunyanyaswa, kuomba kibali cha wazi cha kumfanyia kazi mwajiri mwingine. Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la kupata idhini ya mwajiri wa zamani kabla ya kuhama. Nchi zilizojiunga na mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2005 dhidi ya usafirishaji haramu humpa anayedhaniwa kuwa mwathirika angalau siku 30 za kutulia na kufikiri bila kufukuzwa nchini. Mambo haya huombwa kwa fomu na ushahidi, na ni rahisi zaidi kuyaomba kibali kikiwa bado hai. Ndiyo sababu kubwa ya kumwambia mdogo wako asitoroke usiku kwa hasira. Hatari nyingine iko nje ya geti: mtu mwema anayejitokeza ghafla na ahadi ya shamba jingine lisilouliza hati. Wengi waliokimbia nyapara mmoja wameishia kwa mwingine aliye mbaya zaidi, safari hii bila kibali.

Kabla ya yote, aanze daftari leo. Kila jioni aandike tarehe, saa aliyoanza, saa aliyomaliza, mapumziko, idadi ya kreti, jina la nyapara na sehemu ya shamba, na kila hati ya malipo aipige picha na kukutumia. Watu hudhani maandishi ya mfanyakazi hayana uzito mbele ya vitabu vya mwajiri. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya wafanyakazi wa kiwanda cha vyungu, kwamba mwajiri asipotunza kumbukumbu sahihi za saa, makadirio ya busara ya mfanyakazi yanaweza kutosha mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Si kila nchi ina kanuni hiyo, lakini sijaona mahali ambapo daftari la kila siku lilimdhuru mdai.

Hapo ndipo tunaweza kupima njia zilizopo. Kumaliza msimu kuna maana ikiwa wiki zilizobaki ni chache, dawa zimeacha kunyunyizwa juu ya vichwa vya watu, na mshahara unatoka hata kama umepunjwa. Katika nchi nyingi anaweza kudai tofauti hata baada ya kurudi nyumbani, ingawa muda wa kufungua madai huweza kuwa wa miezi michache tu na kesi ya mbali huchosha. Kulalamika akiwa bado ndani humfaa zaidi akiwa na wenzake, kwa sababu wachumaji 12 wanaotoa malalamiko pamoja ni vigumu kuwatupa nje kwa siku moja, hali mmoja hutupwa kirahisi. Kubadili mwajiri kihalali ndilo chaguo ninalolipenda, pale sheria inaporuhusu. Kurudi nyumbani mapema si aibu, lakini kabla ya kupanda ndege aache madai yake yamefunguliwa au amempa mwanasheria idhini ya maandishi. Ila ikiwa kuna kipigo, udhalilishaji wa kijinsia, geti linalofungwa kwa kufuli, au mtoto anayefanyishwa kazi hapo, mizani yote hii inaanguka, na anapaswa kuondoka kwa msaada wa polisi au wa simu ya dharura ya waathirika wa usafirishaji haramu.

Mtu wa kumwona ana kwa ana ni mwanasheria wa msaada wa bure kwa wahamiaji au chama cha wafanyakazi wa kilimo kilicho karibu na shamba. Vyama vingi humsikiliza hata asiye mwanachama. Ofisi ya ukaguzi wa kazi ina mamlaka zaidi, kwa kuwa inaweza kuingia shambani na kudai vitabu, lakini aulize kwanza, bila kutaja jina lake, kama hupeleka taarifa kwa idara ya uhamiaji, maana nchi nyingine zimetenganisha kazi hizo mbili na nyingine hazikuzitenganisha. Ubalozi ni wa hati na wa kujulishwa kwamba yupo. Usitarajie umwendeshee kesi.

Upande wako, mkopo ulioweka hati ya mama ni mkataba wako na mkopeshaji, na haumpi mwajiri wala nyapara mamlaka yoyote juu ya mdogo wako. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966 kuhusu haki za kiraia na kisiasa unakataza mtu kufungwa jela kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba, kwa hiyo anayekutishia jela kwa deni peke yake anakutisha tu. Hatari ya kweli ni kiwanja. Nenda kwa mkopeshaji kabla hujachelewesha rejesho la kwanza, uombe muda uongezwe na makubaliano yaandikwe, na karatasi ya dhamana umwonyeshe mwanasheria. Risiti za wakala zitunze kando. Kama ada yake haikuwa halali, mamlaka inayotoa leseni kwa mawakala wa ajira ndiyo pa kuanzia kuidai.

Usimpigie mwajiri simu wewe mwenyewe, hata ukiwa na uchungu kiasi gani, kwa kuwa atakayelipia simu hiyo jioni ile ni mdogo wako. Mpigie yeye, na kwanza umuulize kama yuko peke yake. Kubalianeni neno moja la kawaida ambalo akilitaja katikati ya mazungumzo utajua kwamba kuna anayesikiliza, na neno jingine la kukujulisha uite polisi wa eneo lile. Kisha umwombe akutumie mahali shamba lilipo kwenye ramani ya simu, maana watu wengi hujikuta wanaomba msaada kwa ajili ya ndugu ambaye hawawezi kusema yuko wapi.